Ijumaa za Kukata Vikonyo

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza, na mimi nimeanza kununa. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya wateja, lakini wateja wenyewe wamekuwa adimu, kila mtu anasubiri barabara ikauke. Basi nitaandika humu malalamiko yangu. Cherehani haijibu, na baba mkwe hajibu vilevile.

Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Baada ya hapo macho ya baba yakaanza kwenda, presha ya macho. Wifi yangu akasema ana watoto wadogo. Mume wangu ni dereva wa lori, na tangu kabla hatujaoana hajakanyaga nyumba ya baba yake. Akaniambia, "Nenda wewe. Mimi siwezi." Kwa nini hawezi, hakusema, na mimi sikuuliza, maana alivyokaza taya nilijua sitapata kitu. Nikaizungushia cherehani yangu blanketi, nikaja.

Nyuma ya nyumba kuna chumba kirefu cha vioo, na humo baba anaweka mimea inayokula wadudu. Majani yake yamejikunja yakawa mitungi myembamba yenye mfuniko. Mdudu anafuata utamu pale mdomoni, anateleza, anazama kwenye maji ya ndani, habari yake imekwisha. Baba ameiuza mimea hii maisha yake yote kwa maduka na maofisi na mashule. Maji ya bomba yanaiua, inataka ya mvua tu. Kwa hiyo mvua ikinyesha, wenzangu wanajifunika shuka, mimi nakimbizana na ndoo. Leo nimebeba mpaka kiuno kinaniuma.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Ndoo. Mteja mmoja, zipu.

Ijumaa, 6 Machi

Ijumaa ni siku ya kukata. Nyumba hii ina sheria nyingi, lakini hiyo ndiyo kubwa yao. Mvua zikianza, kabla mitungi mipya haijafunguka, kila mmea unatoa kikonyo, kijiti cha kijani chenye kifundo kichwani. Kifundo hicho ndicho ua. Baba hataki maua. Anasema mmea ukiachwa utoe ua unamalizia nguvu zake huko juu, halafu mitungi inatoka imekonda, na mteja hanunui ua, ananunua mtego. Basi kila Ijumaa asubuhi mtu anapita na mkasi, anakata kila kikonyo kilichofika urefu wa kidole. Zamani alikata mwenyewe. Sasa mkasi ninao mimi, na yeye ananifuata nyuma akipapasa visiki kuhakikisha sijazembea. Nimekata mpaka nikaona huruma, halafu nikakumbuka ni mimea, huruma ikaisha.

Tulipofika mwisho wa meza, kwenye chungu cha mmea mkubwa kuliko yote anaouita Bibi, akanishika mkono.

"Huyu mwache."

Nikamwuliza kuna nini.

"Nimemkata Bibi tangu sijaoa," alisema. "Kila mwaka. Sijawahi kuliona ua lake, hata mara moja. Jicho la kushoto limeshakwenda, na la kulia daktari amenipa miezi tu. Nataka nilione kabla."

Sikujua kwamba mzee huyu anaweza kutaka kitu. Muda wote niliokaa hapa amekuwa mtu wa kukataa: chumvi nyingi hapana, redio juu hapana, mlango wazi hapana. Nikaenda kuosha mkasi.

Jumatano, 11 Machi

Kikonyo cha Bibi kimenipita kiganja. Kila asubuhi swali ni hilo: "Kimefika wapi?" Namjibu kwa kipimo cha utepe wangu wa kushonea, na anafurahi kuliko nilivyowahi kumwona akifurahia chakula changu.

Leo nilimtania wakati wa chai. Nikamwambia, baba, mmea huu wako hauna akili. Unataka wadudu waje kwenye ua wauzalishe, na papo hapo unawala. Utapata wapi mshenga?

Sijui nilimgusa wapi. Akaweka kikombe chini na kuanza kuzungumza, mtu ambaye kwa siku namtoa maneno kwa koleo. Akasema Bibi ana akili kuliko sisi wote tulio humu. Kwanza analitoa ua mapema, mitungi ikiwa bado imefumba, kwa hiyo mgeni akija hakuna shimo la kutumbukia. Pili analipandisha juu kwenye kikonyo kirefu, mbali na meza ya kulia. Anayekuja kwa kazi anapita juu. Anayekuja kwa ulafi anapita chini.

Kisha akaniomba mwavuli wangu. Nikamletea ukiwa unachuruzika. Akaufungua, akaupindua, akaushika kwa ncha ili shimo lake litazame dari. "Ua linaning'inia hivi, limetazama chini," alisema, "na katikati yake kuna mwavuli uliopinduka. Una kona tano. Kwenye kila kona kuna chunusi ndogo. Unga wa ua jingine sharti uguse hapo, vinginevyo hakuna mbegu." Akaniambia nilete vitambaa. Nikaleta mabaki ya satini, tukayaning'iniza kati ya kona na kona, tukawa na mapazia matano. Hizo ndizo petali. Zinaziba kila upenyo isipokuwa pale konani, kwa hiyo nyuki hana pa kuingilia ila apakaze mgongo wake kwenye chunusi na kuacha unga aliotoka nao kwingine. Ndani, unga wa ua lenyewe unadondokea sakafuni mwa mwavuli, na nyuki anagaragara humo akifuata utamu. Akishiba, anasukuma pazia, anatoka. Hapiti tena konani. Unga wa nyumbani haumrudii mwenyewe.

"Nani alifikiria yote haya?" nikamwuliza.

"Sijui," alisema. "Ila mimi nimeyakata miaka yote nikiyaita hasara."

Tukabaki hapo tumekaa na mwavuli mezani. Uji ukaungua.

Jumapili, 15 Machi

Mvua mfululizo. Ukuta wa chumba changu umeota ukungu, na viatu vyangu vya kanisani pia.

Alhamisi, 19 Machi

Mwenzangu amepiga simu. Lori limekwama kwenye matope siku ya pili, yuko na utingo wake wanakula biskuti. Nikamweleza habari za jicho. Nikasema, "Ukichelewa hatakuona, na sisemi atakufa, nasema hatakuona, jicho litakuwa limezima."

"Ananiulizia?"

"Anakuulizia," nilisema. Nilidanganya, na sijutii.

Jumanne, 24 Machi

Tulikwenda kwa daktari wa macho. Daktari ni msichana mdogo, anaongea polepole kana kwamba baba ni kiziwi. Akamwambia jicho la kulia linakwenda haraka kuliko alivyotarajia. Baba akamwuliza, rangi je, nitaona rangi mpaka lini? Akasema hawezi kuahidi. Tulipofika alikwenda moja kwa moja kwenye vioo, akainama juu ya Bibi mpaka pua ikagusa kile kifundo. "Harakisha kidogo, mama," akakiambia. Nilijifanya nakunja mwavuli.

Alhamisi, 26 Machi

Mume wangu amekuja. Ameingia jioni amelowa, akasimama mlangoni na begi lake, hajui aliweke wapi. Baba akainuka kwenye kiti. Akamwendea, akamshika uso kwa mikono miwili, akausogeza kwenye taa, akauangalia upande huu na upande ule kwa jicho lake moja.

"Umenenepa," alisema.

"Ni kukaa kwenye lori, baba."

Walikula pamoja, hawakuzungumza lolote la maana. Mimi nililala kwa raha kuliko siku zote za mvua hii.

Ijumaa, 27 Machi

Nina hasira, na sijui hasira hii nimpe nani.

Asubuhi nilikuta kitanda upande wake kimepoa. Nikamtafuta, nikamkuta anatoka kwenye vioo, mikono imejaa vijiti vya kijani, uso umekunjuka. Sijamwona na uso huo tangu siku ya harusi. "Nimemfanyia kazi yake kabla hajaamka," aliniambia. "Sijaacha hata kimoja. Kulikuwa na kimoja kirefu kimewapita, kwenye kile chungu kikubwa. Mngemwudhi bure."

Kabla sijapata ulimi, baba alikuwa ameshatoka, anapapasa ukuta. Mume wangu akamfuata na kumwekea vile vijiti mikononi. "Ijumaa, baba," alisema. "Sijasahau."

Baba akavipitisha kimoja kimoja katikati ya vidole. Akafika kwenye kile kirefu. Kilikuwa na unene wa penseli na kifundo chake kilikuwa kimeanza kuinama, zimebaki siku chache tu. Akakishika hapo.

"Vizuri, mwanangu," alisema.

Mume wangu akamwinamia na kumbusu mkono. Jitu zima la miaka arobaini na kitu.

Jumamosi, 28 Machi

Nilimbana baba asubuhi mwenzangu alipokwenda kununua mkate. Nikamwambia namweleza leo leo. Akasema, "Ukimweleza, sikusamehe."

"Baba, lilikuwa ndilo ua lako la pekee."

"Ameingia mlangoni mwangu. Unataka nimwambie jambo la kwanza alilonifanyia ameniharibia?"

Jioni nilipata nusu ya pili ya habari, tukiwa barazani tunamenya viazi. Mume wangu alikuwa na uchangamfu, maneno yakamtoka yenyewe. Alipokuwa na miaka tisa kazi ya kukata ilikuwa yake. Siku moja akaficha mmea mmoja nyuma ya tangi la maji, akauacha utoe ua, kwa sababu alitaka tu kuona ni rangi gani. Baba yake akaukuta. Hakupiga kelele. Akamwuliza kwa upole, "Unataka tuliache?" Mtoto akasema ndiyo. Mzee akaung'oa mmea na mizizi yake, akamtupia miguuni. Kuanzia hapo ikawa mtihani wa kila Ijumaa. Mzee angesimama kwenye mmea mmoja na kusema, kwa upole uleule, "Hili tuliache, mwanangu?" Na mtoto alitakiwa aseme hapana, akate. Akisita, hali chakula cha jioni. Alipofika miaka kumi na sita akasita mara ya mwisho, akaondoka.

"Na jana," alisema, "niliamka nikajiambia, mzee alikuwa sawa. Ile ilikuwa kazi, ndiyo iliyotulisha. Nikaona nimwonyeshe kwamba nimeelewa." Akarusha kiazi kwenye sufuria. "Umesikia alivyoniambia? Vizuri. Sijawahi kulisikia neno hilo kwake."

Nilijikaza. Nimemenya viazi vya watu kumi tukiwa watatu.

Alhamisi, 2 Aprili

Mwenzangu ameomba likizo kazini. Ameziba paa la jikoni. Wanasikiliza mpira redioni, baba anamtukana refa ambaye hamwoni.

Ijumaa, 3 Aprili

Amekata. Baba alimfuata akipapasa visiki. Ndoo mbili za vikonyo.

Jumatano, 8 Aprili

Nimegombana na mume wangu kuhusu taulo. Haikuwa taulo.

Jumanne, 14 Aprili

Nilikuwa namwaga maji kwenye sinia la Bibi nikaona, chini kabisa, kati ya mizizi na ukingo wa chungu, kifundo kingine. Kidogo, kimetokea pembeni. Nikapiga magoti kwenye matope ili nihakikishe.

Baba alipoelezwa alikaa kitako juu ya ndoo. Akasema haijapata kutokea, mmea mzee namna ile kutoa mara mbili, na kwamba shina lake limeshaanza kuoza kwa unyevu, huenda ndiyo pumzi zake za mwisho. Nikamwambia sawa, sasa mwite mwanao umwambie. Maneno matatu tu: hilo nalitaka, usikate.

"Nitamwambia," alisema.

"Lini?"

"Nitamwambia, mkwe wangu."

Ijumaa, 17 Aprili

Hakumwambia. Nilihamishia chungu cha Bibi kwenye chumba changu cha kushonea kabla hakujakucha, nikakificha chini ya gauni la mteja. Mwenzangu akauliza kile chungu kikubwa kiko wapi. Nikasema kinavuja, nimekipeleka kuzibwa. Ameniangalia sana. Kwa umri wangu nimekuwa mtu wa kuficha vyungu.

Jumanne, 21 Aprili

Kikonyo kiganja kimoja. Kwa nini hamwambii? Nimemwuliza leo bila kuzunguka. Akasema, "Nikimwambia nalitaka ua, atauliza, na lile la tangini je? Nitamjibu nini?"

Ningemwonea huruma zaidi kama nisingekuwa nimelala miaka kumi na mbili karibu na yule mtoto wa miaka tisa.

Ijumaa, 24 Aprili

Asubuhi baba aliita kwa sauti ya kawaida, akaniuliza kama kumekucha. Kulikuwa kumekucha zamani, pazia liko wazi, mwanga umejaa kitandani. Nikasema bado, lala kidogo. Nilikwenda jikoni nikalia huku nimefungulia bomba.

Alielewa mwenyewe kabla ya saa nne. Mume wangu alimshika mkono, akaenda naye chooni, akarudi naye. Hakuna aliyekata leo. Nikamwuliza baba pembeni kama bado analitaka ua, maana hataliona tena. Akasema, "Macho unayo wewe."

Jumamosi, 2 Mei

Mvua imevunja kioo kimoja. Mwenzangu ameziba kwa mbao.

Jumanne, 5 Mei

Leo nimetafuta paka. Nilipoingia kwenye vioo kuchukua ndoo harufu ya mkojo wa paka ilinipiga usoni, kali, ya kukuchoma pua. Nikainua vyungu, nikachungulia chini ya meza, nikalaani paka wa majirani wote. Nikatoka nikamwambia baba kuna paka dume amejisaidia humo, tena si mara moja.

Baba akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia. Alicheka mpaka akakohoa, akashika mlango. "Si paka," alisema. "Ni Bibi. Mwalimu aliyenifundisha mimea hii alinionya kwamba aina yake hunuka hivyo, mimi nikadhani ananitania. Limefunguka, mkwe wangu. Anaita."

Limefunguka kweli. Jana nilikuwa nimerudisha chungu kwenye kona yake ya giza, na usiku huohuo likafumua. Nilimsogezea kiti, nikamweleza. Ni la manjano, manjano ya kupauka, si ya kung'aa. Petali zinaning'inia ndefu, na zimelegea. Kule ndani kuna ule mwavuli, kijani kibichi, kona zote tano zipo, na zile chunusi niliziona, ndogo kuliko kichwa cha pini. Sakafu ya mwavuli imeshaanza kujaa unga. Akanyoosha kidole akainua petali moja taratibu kwa kucha, ikarudi mahali pake. Akarudia. Nilimwacha arudie anavyotaka.

Nikamwuliza, nyuki je? Tufungue dirisha?

"Fungua," alisema. "Lakini nyuki sharti atoke na unga kwenye ua jingine, na mengine yote tumeyakata." Hakusema ni nani aliyeyakata. "Ataita tu. Siku kadhaa, halafu petali zitadondoka."

"Basi mwambie mwanao aje alione. Yeye ana macho. Na alilitaka kabla yako."

Akaigusa tena ile petali. "Ijumaa," alisema. "Ijumaa atakapokuja kukata nitamwambia aliache. Nataka nimwambie palepale, mbele ya ua."

Nilifurahi. Naiandika ili nikumbuke kwamba nilifurahi, na kwamba mimi ndiye nilisema sawa, baba, Ijumaa ni siku njema.

Alhamisi, 7 Mei

Harufu imefika sebuleni. Mwenzangu ameninunulia sumu ya panya, eti inafaa na paka.

Ijumaa, 8 Mei

Baba aliamka mapema na kuvaa shati jeupe. Niliichana kola yake nikaibandika upya wiki iliyopita, ilikuwa imesimama vizuri. Nikampeleka kwenye kiti karibu na Bibi. Chungu safari hii nilikiacha mezani mbele ya mlango, hakina pa kujificha.

Mume wangu akaingia na mkasi na ndoo, akaanza upande wa mlango kama kawaida yake, kisha akasimama.

"Hili limetoka wapi?"

Alilitazama, naapa. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili hivi uso wake ulikuwa wa mtoto aliyechungulia nyuma ya tangi. Nilisogea ukutani niwaachie nafasi. Baba akageuza kichwa kufuata sauti. Alikuwa anatetemeka midomo, na ili isitetemeke akalegeza sauti, akaifanya ya upole kabisa.

"Hili tuliache, mwanangu," alisema.

Uso wa mume wangu ulifunga. Niliuona unavyofunga. Shingo ikakaza, mabega yakapanda, na akaitika kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, nyembamba, ya haraka.

"Hapana, baba."

Akakata. Mkasi ulifanya mlio mdogo, kisha ua likaanguka mezani kwa uso wake.

Nilipiga hatua moja, nilichelewa. Baba alikuwa ameinua mkono hewani, kiganja wazi. Mkono ukabaki hapo. Nilimwangalia kinywani, nikawa namwomba moyoni, sema, sema sasa, sema lolote.

"Vizuri," alisema.

Kwa sababu ndilo neno walilozoea. Kwa sababu mtoto wake alikuwa amesimama mbele yake anahema, anasubiri.

Nilimvuta mume wangu nje kwa mkono. Nilimwambia yote kwenye mvua, sikubakiza: Bibi, jicho, mwavuli, kile cha kwanza, hiki cha pili, shati jeupe. Nikamwambia baba yako alikuwa anakuomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, maji yanamchuruzika puani, halafu akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniogopesha.

"Humjui," alisema. "Sasa amekutanguliza wewe unipime. Ungemwona alivyokuwa ananisubiri niseme ndiyo."

"Haoni, wewe. Atakusubirije?"

"Hahitaji macho kwa hilo."

Nikamwambia rudi ndani ukamwulize. Akasema ameshajibu swali, na amelijibu vizuri, hana hamu ya kulijibu tena.

Jumamosi, 9 Mei

Likizo yake imeisha, anavyosema. Ameaga kwa heshima, akambusu baba mkono. Baba aliung'ang'ania ule mkono, akafungua mdomo, akaufunga, akamwambia aangalie breki kwenye mteremko.

Jumatano, 13 Mei

Ua nililiweka kwenye glasi ya maji kando ya kitanda chake. Leo petali zimedondoka.

Ijumaa, 15 Mei

Nilichukua mkasi. Baba akasema rudisha. Akasema haukatwi mmea mwingine humu akiwa hai.

Jumanne, 19 Mei

Bibi amekufa. Nilipomgusa shina likabaki mkononi, laini, ndani jeusi. Nilimwambia baba. Akauliza kama mvua imekatika. Nikasema inaelekea.

Jumatano, 27 Mei

Mvua imekatika, na chumba cha vioo hakiingiliki. Vikonyo vyote vya mwisho ambavyo havikukatwa vimefumua maua, mekundu, ya waridi, ya manjano, yote yametazama chini, yote juu ya mitungi. Nimefungua madirisha yote. Nyuki wamejaa. Nilikaa karibu na ua moja nikamwona nyuki anasukuma konani, mgongo umepakazwa unga, anatokea kwenye pazia, anakwenda kwenye ua la jirani. Nilimtangazia baba kama mtangazaji wa mpira, kaingia, katoka, kaingia. Alisikiliza na kichwa ameinamisha.

Kisha akasema, "Mpigie."

Nilipiga. Iliita muda mrefu. Mume wangu alipopokea nilimwambia baba anataka kusema naye, nikamshikisha mzee simu, nikamwekea sauti juu ili nami nisikie. Nilisikia injini, kisha injini ikazimwa. Alikuwa ameegesha lori ili amsikilize.

Baba alikuwa amejiandaa, nadhani alijiandaa siku kumi na tisa. Hakutumia ile sauti ya upole. Ilimtoka imekwaruza.

"Mwanangu. Maua yameachwa yote. Ni mimi niliyeyaacha. Siku ile sikuwa nakupima. Nilikuwa nakuomba."

Nikasikia magari mengine yanampita barabarani, moja, halafu jingine. Baba alikuwa ameikandamiza simu sikioni mpaka sikio limejikunja.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, baba," alisema mume wangu, kwa ile sauti nyembamba. "Nimeelewa. Nitakuja Ijumaa niyakate."